Msihame Kwanza

Mchana ule mpaka rangi mmoja alikuwa anapaka rangi chumba chake mwenyewe, tena kwa mkono wa kushoto. Mtaa mzima ulimwita Brashi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kuanzia kiwikoni hadi vidoleni. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari ya duka la watu, na tangu siku hiyo hakupata kazi. Nani amwite fundi wa mkono mmoja? Rangi ilimdondokea shingoni, ikamwingia sikioni, lakini hakuacha. Brashi alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni.

Binti yake mkubwa aliingia akiwa na begi la shule mgongoni. Mwaka ule alikuwa darasa la mtihani. Alisimama mlangoni akatazama. Meza haipo. Kabati halipo. Kitanda kimesimamishwa ukutani na magodoro yamefungwa kamba.

"Shikamoo baba. Kuna wageni wanakuja?"

"Marahaba. Wageni wa nini? Tunahama."

"Tunahamia wapi?"

Brashi alichovya brashi ndani ya ndoo. Alichovya, akakung'uta, akachovya tena. Kwa mpaka rangi, hiyo ni njia nzuri ya kutafuta jibu.

"Wewe na mdogo wako mtakaa kwa shangazi yenu," alisema. "Mama yenu atalala kwa rafiki yake, kule saluni. Mimi ni mwanamume, sitakosa pa kuegesha ubavu."

"Kwa shangazi ni mbali, baba. Na shule?"

"Shule zipo kila mahali."

Binti alivua begi. Alikaa juu ya magodoro yaliyofungwa, akafungua daftari lake la hesabu, akainama. Brashi alimwona akipangusa macho kwa mkono wa sare, akageuka upesi kutazama ukuta wake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kodi ya nyumba ilikuwa imemshinda tangu alipoumia. Mke wake alikuwa msusi, lakini fedha za kusuka nywele ziliishia kwenye chakula na dawa. Mwenye nyumba alikuwa nesi mstaafu, na wote walimwita Nesi. Alikuwa amekuja kudai kwa upole, kisha akaja bila upole. Mwisho akasema mwezi huu ukiisha anakitaka chumba chake. Brashi hakumwambia mtu. Hakuwaambia ndugu, wala majirani. Mke wake alijua, lakini naye alikuwa ameapishwa anyamaze.

Pale mtaani watu walikuwa na namna yao. Mtu akishindwa kodi hakungoja kutolewa. Alifagia chumba, akakodi mkokoteni, akaondoka alfajiri kabla majirani hawajafungua madirisha. Kuondoka huko waliita kuhama kwa heshima. Na Brashi, kwa kuwa ni fundi, aliona heshima yake haitatimia mpaka aache ukuta unang'aa. Msukuma mkokoteni alikuwa ameshaambiwa aje kesho.

"Hodi hodi!"

Ilikuwa sauti ya mke wake. Msusi aliingia mbio, na nyuma yake aliingia mwanamke mmoja ambaye Brashi hakumjua. Mwanamke huyo alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Upande wa kulia mistari ilinyooka kama imepigwa rula. Upande wa kushoto nywele zilisimama kila moja na njia yake. Brashi, pamoja na shida zake zote, nusura acheke.

"Mama Watoto, vipi tena?"

"Huyu ni mteja wangu. Ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia yote."

Brashi aliweka brashi chini kwa kishindo. "Tulikubaliana nini mimi na wewe? Unatoa siri za nyumba kwa mtu wa nje?"

"Mtu wa nje yupi?" mke wake alimjibu. "Amekaa katikati ya magoti yangu tangu asubuhi. Nimenyamaza mpaka akaniuliza kama naumwa. Unajua mimi nikinyamaza saluni watu wanaita daktari. Machozi yakanitoka, yakamdondokea kichwani. Ulitaka nimwambie ni mvua?"

Yule afisa alinyoosha mkono. Alipouona ule mkono wa plasta, akautoa wa kushoto.

"Shemeji, pole sana. Nisamehe kuja na kichwa hiki, lakini nilisema nikingoja kimalizike nitawakuta mmeondoka. Mkokoteni umeshakuja?"

"Unakuja kesho alfajiri."

"Basi nimewahi. Msihame kwanza."

Walikaa juu ya magodoro kwa sababu viti, pamoja na meza na kabati, vilikuwa vimeshapelekwa kuhifadhiwa saluni. Binti alifunga daftari akasikiliza.

"Halmashauri ina mfuko," afisa alianza. "Kazi yake ni kuzuia watu wasipoteze makazi. Mtu akiugua, akifiwa, akipoteza kazi, kodi ikimshinda, anakuja ofisini kwetu. Tunaangalia hali yake. Tunakaa na mwenye nyumba, tunapatana. Halafu halmashauri inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja ile kodi iliyokwama. Familia inabaki pale pale mpaka isimame tena."

"Mimi si ombaomba," Brashi alisema.

"Hakuna aliyesema hivyo. Wewe ukinunua vitu sokoni, ule ushuru ulio ndani ya bei unakwenda kwa nani?"

"Halmashauri."

"Mke wako leseni ya saluni anailipa wapi?"

"Mwenyewe anajua anavyolia akiilipa," alisema Brashi.

"Halmashauri," msusi alidakia. "Na kulia nalia kweli."

"Ndizo hizo hizo, shemeji. Ni fedha zenu. Mlizitoa mkiwa wazima ili ziwafae mkiyumba."

Brashi alijikuna sikio lenye rangi. "Sawa. Lakini kwa nini nisihame kwanza, nikatulia, halafu nije hiyo ofisi?"

"Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mfuko huu unamsaidia mtu ambaye bado yuko ndani ya nyumba. Ukishatoka mwenyewe, hakuna tena nyumba ya kuiokoa. Unakuwa mtu asiye na makazi. Unaingia kwenye foleni ya hosteli yetu, na vitanda ni vichache. Wanaume wanalala upande wao, kina mama na watoto upande wao. Kumtafutia mtu huyo nyumba nyingine, amana, vyombo na shule ya watoto, kunagharimu mara nyingi kuliko kumsaidia abaki alipo."

"Ni kama ukuta wenye unyevu," Brashi alisema polepole. "Ukiuwahi unaukausha. Ukiuacha, unakuja kubomoa mpaka plasta."

"Umeielewa kuliko wengine tunaokaa nao vikaoni," alisema afisa.

Msusi alitabasamu. Lakini afisa hakutabasamu.

"Kuna jambo moja sijawaambia. Mfuko umesimamishwa. Wiki hii kuna kikao cha bajeti, na baadhi ya madiwani wanataka fedha zake zihamishwe. Wanataka kujenga maegesho ya magari ya halmashauri."

"Maegesho!" msusi alishika kiuno. "Magari yapate pa kulala, watu wakose?"

"Wanasema mfuko hauna kazi. Mwaka mzima walioomba ni wachache mno. Wanasema mji wetu hauna shida ya makazi, na wale wanaolala stendi ni wageni waliotoka mbali."

"Kwa nini watu hawaombi?" Brashi aliuliza.

Afisa alitazama ukuta uliokuwa bado mbichi, kisha akatazama magodoro waliyoyakalia.

"Kwa sababu wanahama kwa heshima," alisema.

Aibu ilimpanda Brashi usoni, kisha ikafuatiwa na hasira, na safari hii hasira haikuwa kwa mke wake. Alisimama.

"Twendeni kwa Nesi," alisema.

Nesi alikuwa uani kwake, mtaa wa pili, akianika mashuka. Alipowaona wanakuja kundi zima, tena mmoja ana nusu kichwa, alishusha kapu lake.

"Shikamoo mama," Brashi aliamkia.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana mama. Nimekuja kukwambia ukweli. Sina kodi, na sina kazi mpaka mkono upone. Nilikuwa nitoroke kesho."

Nesi alimtazama mkono, kwa jicho la mtu aliyewahi kufunga mikono mingi. "Mwanangu, mfupa umevunjika hivyo na hukuniambia? Kila nikija unanijibu nyuma ya mlango, kesho mama, kesho mama. Nikajua unanipiga chenga. Mimi naishi kwa kodi hiyo. Pensheni yangu ni ya kuonja tu. Lakini si mnyama."

Afisa alimweleza habari za mfuko. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali yake. Je, halmashauri hulipa kweli? Hulipa. Je, atapewa mkataba? Atapewa, na mpangaji atapewa wake. Je, mpangaji akipona? Atalipa kodi yake kama kawaida.

"Mimi chumba kitupu sikitaki," Nesi alisema. "Chumba kitupu hakilipi, na panya hawana adabu. Nitangoja hicho kikao. Lakini nawaambia mapema, wakiufunga huo mfuko, sina la kufanya. Nitahitaji mpangaji mwingine."

Basi wakakubaliana hivyo. Msusi alirudi saluni kumaliza ile nusu ya pili. Alfajiri msukuma mkokoteni alipogonga, Brashi alimfungulia mlango akamweleza kila kitu, maana aliona akinyamaza tena atarudi kule kule. Yule kijana alisikiliza, akakuna kidevu.

"Kikao ni cha wazi?" aliuliza.

"Ni cha wazi. Mwananchi yeyote anaruhusiwa."

"Basi nitakuja," alisema, akageuza mkokoteni wake mtupu.

Siku ya kikao ukumbi wa halmashauri ulijaa. Brashi alivaa shati jeupe lililochanwa mkono mmoja ili plasta ipite. Alikaa katikati ya mke wake na binti yake. Nia yake ilikuwa kusikiliza tu. Kusema mbele za watu hakukuwamo kabisa katika mipango yake.

Diwani mwenyekiti wa kamati ya fedha alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu zake zilikuwa mezani.

"Ndugu wananchi," alisema, "mfuko huu haukuguswa karibu mwaka mzima. Fedha zimelala. Kama kungekuwa na shida, si watu wangekuja? Napendekeza zihamishwe zikafanye kazi nyingine."

Madiwani kadhaa waligonga meza kumuunga mkono. Brashi aliona kitanda chake kikiwa juu ya mkokoteni. Aliona watoto wake wakiwa kwa shangazi, na mama yao asiwepo.

"Kuna mwananchi mwenye maoni?" aliuliza mwenyekiti wa halmashauri.

Watu wakatazamana. Msusi alimpiga mume wake kiwiko cha mbavu. Brashi akajifanya hajasikia. Msusi akampiga cha pili, na hicho hata wa safu ya nyuma walikisikia. Brashi alipiga moyo konde akasimama.

"Waheshimiwa, mimi ni mpaka rangi," alianza. "Mheshimiwa amesema watu wenye shida hawapo. Mimi hapa nipo. Nina mke na watoto wawili. Nilivunjika mkono, kodi ikanishinda. Wiki hii nilikuwa nihame alfajiri. Huyu nimpeleke huku, yule nimpeleke kule, mimi nikalale popote. Msingeniona. Hata jirani yangu asingeniona. Huku mtaani ndivyo tunavyofanya. Tunafagia chumba, tunaondoka, tunasema tumehama kwa heshima."

Watu walianza kunong'ona. Brashi alipaza sauti.

"Mtu akishahama, mwenye nyumba ananiita mimi nikapake rangi. Nimepaka vyumba vingi vya namna hiyo. Kimoja nilikuta alama za penseli kwenye fremu ya mlango. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakipimwa urefu pale. Nikapaka rangi juu yake. Sikuuliza wale watoto wamekwenda wapi. Niliona hainihusu. Leo naona inanihusu, maana binti yangu naye ni mtoto, na mtihani wake uko mlangoni. Waheshimiwa, mfuko haukulala kwa sababu hatuna shida. Umelala kwa sababu tuna aibu."

Alikaa ghafla. Binti yake alimshika mkono mzima akaubana.

Kabla mwenyekiti hajasema neno, sauti ilitoka mlangoni. "Mimi nawajua hao watu. Mimi ndiye ninayewabeba."

Ilikuwa ya msukuma mkokoteni. Alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Kila mwisho wa mwezi sikosi mzigo wa alfajiri. Wengine nawapeleka kwa ndugu. Wengine wananiambia niwashushe stendi, na magodoro yao. Hao mnaosema wametoka mbali, mimi nimewatoa hapa hapa mjini."

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja muuza mboga alisimama akasema naye alihama hivyo, na mpaka leo watoto wake wako kwa bibi yao. Dereva mmoja akasimama. Kisha fundi viatu. Watu waliokuwa wakificha kwa miaka walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesimama alimrahisishia mwenzake.

Mwisho alisimama Nesi, taratibu, kwa kushikilia kiti.

"Mimi ni mwenye nyumba," alisema. "Watu wanadhani sisi tunapenda kufukuza. Mpangaji akitoroka napata hasara ya kodi, na chumba kinakaa kitupu. Wekeni mfuko, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaleta wapangaji wangu ofisini kwenu, kwa kuwavuta masikio kama ni lazima."

Watu walicheka. Diwani wa fedha alivua miwani akaifuta kwa muda. Kisha akamgeukia Brashi.

"Fundi, nikuulize. Ofisi ipo, kwa nini hamkuja?"

"Hatukujua kama ipo, mheshimiwa. Na anayejua anaogopa kuonekana akiingia."

"Mwenyekiti," alisema diwani, "naondoa pendekezo langu. Napendekeza jingine. Mfuko ubaki, na uongezwe. Habari zake zitangazwe sokoni, zahanati, shuleni na saluni. Ustawi wa jamii wawe na meza ya msaada kila kata, wasingoje watu ofisini. Na hosteli ipanuliwe, iwe na vyumba vya familia, ili walioko stendi wasitengane na watoto wao."

"Wanaounga mkono wanyooshe mikono."

Mikono ilinyooka meza nzima. Msusi hakungoja ihesabiwe. Alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia, naye alipoambiwa habari yenyewe akapiga makofi. Brashi alilia hadharani, mbele ya madiwani na majirani zake wote, na hakujali. Yule mtu aliyekuwa akiogopa kuonekana na godoro barabarani alikuwa sasa anapeana mikono na kila aliyempita.

Jioni ile ile walirudisha kabati, meza na viti. Mizigo ya kurudi nyumbani ilikuwa myepesi ajabu. Siku chache baadaye afisa, Nesi na Brashi walikaa meza moja, wakapatana, na halmashauri ikamlipa Nesi ile kodi iliyokwama. Binti alifanya mtihani wake kutoka chumba kile kile, akafaulu vizuri. Plasta ilipofunguliwa, Brashi alirudi kazini na kodi akaanza kulipa mwenyewe. Hosteli ilipopanuliwa, yule muuza mboga alikuwa kati ya wa kwanza kupewa chumba, na watoto wake wakarudi kwake.

Siku moja Brashi alikuwa anakula chakula cha mchana saluni kwa mke wake. Akalalamika kidogo.

"Kazi za vyumba vilivyohamwa zimepungua kabisa," alisema. "Nimepita kwa wenye nyumba wote. Kila mtu ananiambia wapangaji wake wapo."

"Umejikosesha kazi mwenyewe kwa mdomo wako," msusi alimtania.

Wateja waliangua kicheko, na Brashi akacheka nao.

"Wacha niikose," alisema. "Nitapaka vyumba vyenye watu ndani."